Shabaha Yangu Ilivyotorokea Barabarani

Kama na wewe ulitumiwa ile video ya mwanamke mnene mwenye sare ya ulinzi, anakimbiza sahani kubwa ya chuma inayobingirika, suruali imepasuka nyuma na nywele zimejaa sombe (kisamvu, kwa Watanzania), basi usihangaike kuuliza ni nani, mwanamke yule ni mimi. Nasema mapema kwa sababu nimechoka kukaa kwenye harusi na misiba ya watu nikiona mtu anamnong'oneza mwenzake, wote wawili wananitazama, halafu simu inatolewa mfukoni. Aibu niliipata, tena hadharani, mbele ya bosi, mbele ya wageni wa bosi, mbele ya mama mchungaji wangu na kwaya nzima ya akina mama. Siikatai. Lakini wanaoicheka video hawajui mambo yalianzaje, na video yenyewe inaanza katikati, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Naitwa Neema. Nimezaliwa Uvira, nimekulia Kigoma (ndiyo maana Wakongo wenzangu wanasema Kiswahili changu nimejitia Utanzania), na hapa Johannesburg nimeingia nikiwa bado binti. Naishi Bellevue, chumba cha mbele kwenye nyumba moja kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba mpaka jikoni. Nilianza kwa kusimama getini kwenye maduka, mvua yangu jua langu, nikasoma kozi moja, nikasoma nyingine, nikapata vibali vyote vinavyotakiwa, mpaka nikawa mkufunzi wa kufundisha walinzi kutumia bastola. Kanisani kazi hiyo ilikuwa haipendwi. Mama mchungaji, mtu mwema sana kwa kweli, alikuwa akiniambia kwa upole kwamba mikono ya kuombea haifai kushika silaha, nami namjibu kwa upole huohuo kwamba mikono hiyo ndiyo inayoleta sadaka. Tukifika hapo anabadilisha mazungumzo.

Chuo chetu cha walinzi kiko kaskazini mwa jiji, si mbali na Diepsloot, ndani ya machimbo ya zamani ya mawe. Mwenyewe ni Kaburu mmoja mzee tunayemwita Oom Kobus (Oom kwa lugha yao ni mjomba, na kila mtu anamwita hivyo, hata wasiompenda). Wakufunzi wa bastola tulikuwa wawili, mimi na Themba. Themba ni Mzulu, mrefu, ana sauti ya redio, na wanafunzi wanampenda kwa sababu hagombi. Oom alikuwa ametangaza kwamba anataka mkufunzi mkuu, na kila mtu alijua ni mmoja kati yetu sisi wawili, ingawa tukikutana kwenye chai tulikuwa tunajifanya hatujasikia.

Sasa shabaha zetu za wakati ule zilikuwa mabamba ya chuma cha kawaida, kile cha kutengenezea mageti, yaliyokatwa zamani na kupigwa risasi mpaka yakawa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Vishimo kila mahali. Na ubaya wa chuma laini ni huohuo: risasi ikigonga bamba lililo tambarare inasambaratika na vipande vinatawanyika pembeni, lakini ikiingia kwenye kishimo, kishimo kinaigeuza na kuirudisha kwako. Nilisema mara nyingi, nikaambiwa bajeti. Mpaka siku moja kipande kilirudi kikamchana Deo shavuni. Deo ni Mrundi, ndiye anayetunza uwanja wa shabaha, kupanga vyuma, kupaka rangi, kuokota maganda ya risasi. Miwani alikuwa amevaa, lakini kipande kilipita chini ya miwani, kikaacha mfereji kutoka shavuni mpaka karibu na sikio. Tulipotoka kushonwa, akiwa na bandeji uso mzima, hakulia wala hakulalamika, aliniambia tu:

"Dada, mimi nina watoto. Pale sisimami tena mpaka vile vyuma viondoke."

Nikampa neno langu. Siku ileile nikaenda ofisini kwa Oom na sare yenye damu ya Deo, nikamwambia ama anunue chuma kigumu ama atafute mtu mwingine wa kusimamia mstari wa kupigia. Nadhani ni ile damu iliyonisaidia kuliko maneno yangu. Alisugua kipara chake akasema kwamba kwa kuwa mimi ndiye mwenye kelele, niende nikachague mwenyewe, na viwe tayari kabla ya siku ya wageni. Themba alipinga. Alikuwa na binamu yake kule mtaa wa Alexandra anayekata chuma chakavu, angetukatia mabamba mapya kwa bei ya kirafiki, na akasema chuma ni chuma. Nikamwambia aende akamwambie hivyo Deo usoni. Tangu hapo mambo kati yetu yakawa baridi.

Niliyemwendea mimi alikuwa na karakana kubwa upande wa viwandani, mtu anayetengeneza shabaha na si kitu kingine. Nilimsumbua asubuhi nzima. Nilitaka kujua unene, nilitaka kujua amekata kwa kutumia nini (maana moto wa gesi unalainisha kingo za chuma kigumu, ukachomelea ndoano ndiyo umekiua kabisa), nilitaka kujua inaning'inizwaje. Akanipa tupa, akaniambia nikwaruze mwenyewe. Kwenye chuma cha kawaida tupa iling'ata mara moja, vumbi likatoka. Kwenye kile chake tupa iliteleza kama juu ya kioo, nikakandamiza kwa mikono miwili, wapi. Hapo moyo wangu ukatulia. Nikachagua, nikaona mwenyewe zinapimwa, nikauliza zitainamishwa mbele kiasi gani ili vipande viende chini mchangani visirudi juu. Kwa kifupi, kazi ya kuchagua niliifanya vizuri, na mpaka leo atakayesema sikuifanya vizuri aje tuongee.

Kosa, kama unataka kuliita kosa, lilikuwa dogo kabisa, nalo ni umbo. Zile ndogo zote nilichukua za mraba. Lakini katikati nilitaka moja kubwa, ya kuonekana, na yule bwana akaniambia hata hiyo nichukue mraba, ni rahisi kubeba na kupanga. Deo pia, aliyekuwa amenisindikiza na bandeji yake, akasema mraba. Nami nilikuwa karibu kukubali, ila yule bwana akacheka akasema anajua akina mama tunapenda vitu vya mviringo, kama sufuria. Basi hapohapo nikataka mviringo. Nikamwambia mtu anayelenga anatafuta katikati, na chenye katikati ya kweli ni mviringo, sijui hata niliitoa wapi hoja hiyo, lakini niliisema kwa uso mkavu na akaandika mviringo.

Ilikuwa nzuri lakini. Kubwa kama meza ya kahawa, nene, nzito kama gunia la saruji lililobaki nusu, tukaipaka nyeupe. Oom alipoiona akafurahi kama mtoto, akasema ipandishwe juu kabisa kwenye tuta la udongo nyuma ya uwanja, ili wageni waione kutoka kwenye hema. Tuta lile lina mteremko, na mteremko unashuka mpaka kwenye mstari wa kupigia, unapita kando ya mahali tunapoweka hema, unakwenda mpaka getini. Je, niliuona mteremko? Niliuona. Nikasema kitu? Sikusema, maana na mimi nilitaka ionekane. Tukaitundika kwa minyororo miwili kwenye fremu, ikainama mbele vizuri kama mtu anayesalimia, na Deo akarudi kazini siku ileile, akasimama mahali pake pa zamani. Kwangu hilo lilikuwa limetosha.

Siku ya wageni ikafika, Jumamosi, jua zuri la kiangazi. Mgeni mkubwa alikuwa Bwana Pillay, meneja wa mtaa mmoja wa matajiri wenye ukuta na uzio wa umeme, ambaye alikuwa anatafuta chuo cha kumfundishia walinzi wake wote. Oom alitaka mkataba ule kuliko kitu chochote. Alikuwa amewasha moto wa kuchoma nyama, braai kama wanavyoiita, na mimi nikajitolea kuleta upande wa mboga, yaani akina mama wa kwaya yetu waje na fufu, samaki na sombe, wageni wale chakula cha kwetu. (Nakiri nilikuwa na langu moyoni. Nilitaka mama mchungaji aje aone kwa macho yake kazi ninayofanya, aone nidhamu, aone usalama, aache kuniombea kama mtu aliyepotea.) Alikataa, nikambembeleza, akakubali. Akaja na kitenge kipya na kilemba kirefu, akakaa kiti cha mbele hemani, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri daktari.

Nilisimama mbele yao nikaeleza. Nilieleza chuma laini na chuma kigumu, nikawaonyesha bamba la zamani lenye vishimo, nikamwita Deo aonyeshe kovu lake. Watu walisikiliza. Hata Themba, aliyekuwa amesimama pembeni amekunja mikono, nilimwona anaitikia kwa kichwa polepole. Nikamtazama mama mchungaji, naye akanipa tabasamu dogo, na nikajiambia Neema, leo ndiyo leo.

Oom akaamua Bwana Pillay afungue uwanja. Ana leseni, ana bastola yake, anajua kupiga, hakuna ubaya. Nikamvalisha miwani na vizibo vya masikio, nikasimama begani kwake. Risasi ya kwanza ikagonga sahani pale katikati, na sauti yake, jamani, ilikuwa kama kengele ya kanisa. Hema zima likapiga makofi. Ya pili vilevile. Sasa makofi yale yakamlevya Bwana Pillay, akaanza kupiga harakaharaka, mkono ukapanda, na risasi moja ikapita juu ya sahani ikakata mnyororo.

Sahani ikaning'inia upande mmoja. Ikayumba, na uzito wake ukafungua ndoano ya pili, ikaanguka. Ingeanguka kifudifudi ningekuwa mtu mwingine leo. Ilianguka kwa ukingo, ikasimama wima pale juu ya tuta, ikatikisika kidogo kama mtu anayefikiria aelekee wapi, halafu ikaanza kuja.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hili kwenye video halimo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupaza sauti kusitisha kupiga. Nikahakikisha bastola ya Bwana Pillay iko mezani, imefunguliwa, haina kitu ndani, nikatazama mstari wote kulia na kushoto, hakuna mwenye silaha mkononi. Hapo ndipo nilipokimbia. Mkufunzi mwingine angekimbia kwanza.

Kwa wakati huo sahani ilikuwa imeshapata kasi. Ilitupita mimi na Bwana Pillay kwa mlio wa jiwe la kusagia, naye akaruka nyuma, akageuka, akakimbilia hemani, yaani kulekule inakokwenda sahani. Nikapiga kelele watu waondoke. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshikwa na hofu, Kiingereza kilinitoka chote, nikapiga kelele kwa Kiswahili. "Ondokeni! Ondokeni hapo!" Akina mama wa kwaya wakaondoka wote kwa mara moja, wamebeba viti na mikoba. Wageni wa Oom, ambao hawajui hata karibu wala asante, walibaki wamekaa na sahani zao za nyama, wakinitazama ninavyokuja kwa tabasamu la heshima, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Nikaona njia ni moja tu, niirukie. Nikaruka. Nilichokishika ni vumbi. Suruali ikapasuka kutoka mshipi mpaka chini, sauti niliisikia mimi na nadhani aliisikia kila mtu, nikateleza kwa tumbo mpaka chini ya meza ya chakula, na sahani ikagonga mguu wa meza ikapita zake bila hata kupunguza mwendo. Meza ikapiga magoti. Sufuria la sombe likaja. Nusu ilinimwagikia mimi kichwani, na nusu ilimpata Bwana Pillay, aliyekuwa amejificha pale nyuma ya meza akidhani ndipo salama, kwenye suruali ya rangi ya maziwa.

Ningelala palepale nisiamke tena. Lakini sahani ilikuwa inaelekea getini, na nje ya geti kuna barabara ya vumbi yenye watu, kwa hiyo nikaamka nikakimbia hivyohivyo, mkono mmoja umeshika suruali nyuma, mwingine unafuta sombe machoni. Getini alikuwepo mwanafunzi wetu mmoja, Msotho, mtu mzima na ndevu zake, zamu yake ya mazoezi. Nikamfokea azuie, kwa Kiswahili tena. Yeye alichoona ni kitu kinakuja kwa kasi na mkufunzi wake nyuma anapiga kelele. Akainua kizuizi. Akasimama wima, akapiga saluti. (Baadaye aliniambia nilikuwa nimewafundisha wasikubali kizuizi kivunjwe bila sababu. Ni kweli nilikuwa nimewafundisha.)

Sahani ikavuka barabara, ikakosa teksi moja kwa nafasi ndogo ambayo mpaka leo sipendi kuifikiria, ikapanda ukingo, ikazunguka mara mbili tatu kama sarafu, ikalala mlangoni pa spaza, kile kiduka kilicho mkabala na geti letu. Jumamosi, saa za kununua mkate. Watu walikuwa wamejaa, na kila mtu alikuwa na simu. Video mnayoiona inaanzia pale sahani ilipotoka getini, na mimi nyuma yake.

Nilipofika nilikuta duara la watu, na sahani yangu katikati. Kwanza walicheka, na haki yao. Kisha mwanamume mmoja akauliza kwa sauti kitu gani hiki kimetoka kwa walinzi, na nusura kiue mtu, na mwingine akaniuliza kwa Kizulu natoka wapi. Kizulu changu kinatosha kufanyia kazi, lakini lafudhi haifichiki. Nyinyi mnaoishi hapa mnalijua swali lile, na mnajua jinsi hewa inavyobadilika likishaulizwa. Kicheko kikapungua. Deo, aliyekuwa amenifuata mbio, akanisogelea akaninong'oneza kwa Kiswahili tuondoke, tuiache, tutakuja baadaye na gari. Aliogopa, na hakukosea kuogopa.

Sasa sijui niseme ni nini kilichonipata. Nadhani ni kule kuwa nimeshaaibika mpaka mwisho, hakuna pa kushuka tena. Nikamjibu yule aliyeniuliza natoka wapi kwa Kizulu changu kibovu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma:

"Natoka Kongo. Nakaa Bellevue, nafanya kazi pale ng'ambo. Kitu hiki ni changu, nilikichagua mwenyewe, kimewakosakosa na nawaomba radhi. Sasa naomba nafasi nikichukue."

Mama mmoja aliyekuwa anakaanga magwinya pembeni ya duka, yale maandazi yao, akaanza kucheka, si kwa ubaya, akaniambia mwanangu, suruali yako. Akavua kanga aliyojifunga kiunoni akanifunga nyuma, akaninyooshea. Mwanamume wa swali akataka kunisaidia kubeba. Nikakataa. Deo akataka kushika upande mmoja. Nikakataa. Nikavua jaketi la sare, nikalisokota nikatengeneza ngata, nikawaambia wanitwike tu, na wakanitwika.

Nikavuka barabara na sahani kichwani. Nakwambia ilikuwa nzito, shingo iliuma wiki nzima, lakini nilitembea kama anavyotembea mwanamke anayetoka kisimani kwake. Msotho akainua kizuizi tena. Nikapita katikati ya wageni, kiunoni kanga ya muuza magwinya, masikioni sombe. Oom Kobus alikuwa amesimama karibu na meza iliyovunjika, uso mwekundu kama nyanya, mdomo umefunguka. Themba akaja akanipokea, nikamruhusu yeye, maana sikuweza kuishusha peke yangu. Tukaiegemeza kwenye mchanga chini ya tuta, imeinama mbele. Nikamwomba Oom ruhusa, na kabla hajajibu vizuri nikavaa miwani, nikasimama kwenye mstari, nikapiga risasi zangu zote. Kila moja iligonga. Na sauti ya ile sahani ilikuwa ileile ya kengele. Kisha nikamwita Bwana Pillay aje aguse. Akaja, na suruali yake ya kijani, akapitisha kidole. Rangi imetoka, madoa ya kijivu ya risasi yapo, lakini kishimo hakuna, wala mkwaruzo wa mawe, wala ukingo uliobonyea kutokana na safari ile yote.

"Imara," alisema. Halafu akaaga akaondoka.

Mkataba hatukupata. Bwana Pillay alipeleka walinzi wake kwingine, na Oom hakunisemesha mpaka katikati ya wiki. Aliponiita ofisini aliniambia ukuu wa ukufunzi atampa Themba, kwa sababu mkuu ni mtu wa kuonekana mbele ya wageni, na mimi kwa sasa nikionekana watu wanatoa simu. Niliumia, siwezi kusema sikuumia. Lakini nilimwambia ampe Themba cheo, Themba ni mkufunzi mzuri, ila siku vile vyuma vya mageti vitakaporudi kwenye uwanja ule, mimi na Deo tutatoka kwa geti lilelile ilikotokea sahani. Akasema havitarudi. Na aliyevipakia kwenye pikapu kuvipeleka kwenye chuma chakavu alikuwa Themba mwenyewe, akiwa mkuu tayari, bila kuambiwa na mtu. Tangu hapo hajachanika mtu. Mkufunzi mkuu ni Themba, lakini kila mwanafunzi anayesimama pale anapigia chuma nilichokichagua mimi.

Kanisani nilikwenda kesho yake tu baada ya mkasa, Jumapili, nikajiambia nikikosa moja nitakosa zote. Nilikaa mbele. Kulikuwa na vicheko, kulikuwa na kijana mmoja wa vyombo vya muziki aliyepiga matoazi nilipopita, nikamtazama akaacha. Mama mchungaji hakuniambia kitu. Nilikuwa nimemnunulia sufuria jipya kufidia lile lililotoboka, akalipokea, akashukuru, basi. Nikajua nimempoteza. Lakini wiki hiyo akaja Bellevue chumbani kwangu, peke yake, akakaa kitandani maana kiti kilikuwa na nguo, akanywa chai yote bila kuongea habari ya maana. Alipomaliza akaniambia ana binti wa dada yake, amekuja kutoka Bukavu, anasuka nywele kwenye saluni moja ambapo mwenye saluni anamnyanyasa na yeye hajibu kitu.

"Sitaki ajifunze kupiga watu," alisema. "Nataka ajifunze kutembea vile ulivyotembea."

Nilimmiminia chai nyingine.

Binti anaanza chuoni kwetu mwezi huu. Na mimi nimejiapia, hapa mbele yenu, kwamba kitu chochote kizito kikianza kushuka mlima nitapiga kelele kwa Kiingereza na nitasimama kando kwa heshima, sitakirukia tena kwa tumbo maisha yangu yote. Hilo nimejifunza na limeniingia. Lakini atakayetaka niinamishe kichwa kwa sababu ya ile video, anisamehe. Itumeni mnavyotaka, muwatumie na walioko Uvira, wengi hawajaniona siku nyingi. Mimi kesho asubuhi nina darasa.